Nimlipe anayesema atamtoa malkia wa mchwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mangamba, Mtwara mjini. Nyumba yetu ya tofali za saruji huu ni mwaka wa nne tangu tuhamie. Tangu mvua za mwaka jana mchwa wametokea kwenye kona ya chumba cha watoto, wamepanda na vijia vya udongo mpaka fremu ya mlango, na fremu yenyewe ukiigonga inalia tupu ndani. Tumekwangua, tukamwaga dizeli, baadae oili chafu, baba watoto akamalizia na salfa iliyobaki shambani. Wakatulia wiki mbili tatu hivi, halafu wakatokea upande wa pili nyuma ya kabati la nguo. Sasa kaja mtu anasema shida ni malkia, atamchimba amtoe kwa laki moja na nusu na mchwa hawatarudi tena. Nimlipe? Na hiyo fremu inapona?

JIBU: Marahaba dada. Usimlipe. Na kama ameshachukua advansi mdai, maana hiyo kazi ya kutoa malkia hata mtu aifanye kwa uaminifu wote haiwezi kuilinda nyumba yako. Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu hili swali linakuja kila msimu, mvua zikianza tu Novemba Desemba huku kwetu, linatoka Lindi mjini, Mingoyo, Masasi, Newala, na wengi wanaouliza wanakuwa wameshatoa hela kwa mtu wa malkia, wanakuja kwangu wakati kenchi za paa zimeshaliwa.

Hili la malkia limekaa vichwani mwa watu kwa sababu ndani yake kuna ukweli kiasi. Kwenye kichuguu kikubwa cha porini ni kweli malkia yupo, kwenye chumba chake cha udongo mgumu, anataga maelfu ya mayai kwa siku na anaishi miaka mingi. Sasa nyumbani kwako kichuguu kiko wapi? Hujanitajia hata kimoja. Mchwa wengi wanaoingia majumbani hawajengi kichuguu cha kuonekana, viota vyao viko chini ya ardhi, vingine vimegawanyika vyumba vyumba vilivyounganishwa na njia, na wale wanaotafuta chakula wanaweza kutembea makumi ya mita chini kwa chini kabla ya kutokea kwako. Kiota kinaweza kuwa chini ya jamvi lako, yaani zege la sakafu, kinaweza kuwa kwa jirani, kinaweza kuwa kwenye kisiki cha mkorosho ng'ambo ya barabara. Huyo mtu atachimba wapi? Atachimba anapopaona panafaa, atakuletea dude nene jeupe kwenye kopo, na wewe huna namna yoyote ya kujua kalitoa hapo shimoni au kalitoa asubuhi kwenye kichuguu huko njiani. Na tuseme kweli kampata. Chini ya kiwanja kimoja zinaweza kukaa koloni zaidi ya moja, kuna aina ambazo kundi moja lina malkia zaidi ya mmoja au linaandaa mwingine wa kurithi, na kila mwaka mvua za kwanza kumbikumbi wanaruka, wanadondosha mabawa, dume na jike wanajichimbia na kuanzisha koloni mpya. Utawalipia wangapi?

Kinachotibiwa ni udongo unaoigusa nyumba. Mchwa wa ardhini akitoka kiotani kuja kwenye fremu yako lazima apite kwenye udongo ulio kando ya msingi au chini ya jamvi, hana njia nyingine, na ndo maana anajenga kile kijia cha udongo, anabeba unyevu wa chini aje nao juu kwa sababu mwili wake unakauka haraka sana hewani. Ukiweka dawa kwenye huo udongo ikaizunguka nyumba yote bila kuacha upenyo, hata kama huko nje kuna koloni kumi hazikuhusu.

Sasa hapo kwenye "kuizunguka nyumba yote" ndo watu wanapoibiwa, hata na wale wanaojiita wapuliziaji. Kiwango kinachotumika kwenye hii kazi ni kama lita 5 za dawa iliyoshachanganywa na maji kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, mzunguko wake mita 44, hiyo ni lita 220 kwa nje tu, ndani bado. Bomba la mgongoni hili la kupulizia korosho linabeba lita 16 hivi. Kwahiyo mtu akija na bomba moja, akanyunyizia juu ya ukuta na kona za vyumba, nusu saa kamaliza kapokea hela kaondoka, ameua mchwa aliowaona na harufu imebaki, basi. Chini ya jamvi hajafika kabisa.

Na wewe kilichokutokea baada ya dizeli na oili ni hichohicho dada, hawakutulia, walihama. Ile njia iliharibika na ikawa inanuka, wakaiacha, wakatafuta upenyo mwingine, na ufa wa milimita moja tu kwenye sakafu unawatosha kupita, wakaja kwenye kabati. Watu wanadhani nyumba ya tofali na zege haiingiliki, tena siku hizi saruji inazalishwa hapahapa Mtwara watu wanajenga kwa wingi, lakini zege hupasuka kidogokidogo, na pale ukuta unapokutana na sakafu karibu kila nyumba pana mwanya. Oili chafu inaweza kuwa na madini ya risasi na mabaki mengine ya injini, sio kitu cha kumwaga chumba wanacholala watoto. Dizeli inashika moto. Salfa, naelewa, msimu ukiisha inabaki ndani na mtu anaona asiitupe, lakini salfa ni dawa ya ubwiri unga, ule ni ukungu wa mkorosho, mchwa sio ukungu, na lile vumbi likipeperuka chumbani linawasha macho na kifua. Kuna na wanaomwaga chumvi kwenye msingi, hao ndo wananisikitisha zaidi maana chumvi inavuta unyevu na inakula nondo, unakuwa umemuongezea mchwa maji na nyumba umeidhoofisha wewe mwenyewe.

Cha kufanya sasa. Acha kukwangua. Vijia vilivyobaki viache vilivyo, vunja kipande kidogo tu cha katikati urefu wa kidole, kesho na keshokutwa uangalie, wakikiziba ujue njia ni hai, na fundi akija anaona wanakotokea. Ukikwangua zote unamfichia. Halafu nje ya nyumba, kando ya ukuta, unachimbwa mfereji upana wa sentimita 15 hivi na kina sentimita 30 mzunguko mzima, dawa inamiminwa humo, na ule udongo unaorudishwa nao unachanganywa na dawa. Pale penye baraza la zege au peva, na ndani kando ya kuta, inatobolewa kwa drili, matundu ya milimita 12 hivi kila baada ya sentimita 30, dawa inasukumwa chini kisha matundu yanazibwa kwa saruji. Ni kazi ya jasho na sio ya bei ya kopo moja la dawa. Mwambie fundi mapema mabomba ya maji na nyaya zinapita wapi.

Dawa yenyewe, uliza jina la kiambato na usikubali jina la dukani peke yake. Zenye fipronili au imidaklopridi zinafanya kazi polepole, mchwa hazigundui, anapita ndani yake, anaenda nazo kwa wenzake, wanakufa siku za mbele, kwahiyo usipige simu baada ya siku mbili kusema dawa feki, subiri wiki kadhaa. Zile za jamii ya bifenthrini na sipamethrini zinaua haraka na zinawafukuza, nazo zinafaa kama kizuizi ila zikiachwa na pengo hata moja wanalitafuta mpaka walipate. Yoyote utakayotumia iwe na lebo na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Ikiwekwa vizuri hesabu miaka kama mitano, na kwa mchanga wetu huu wa pwani ambao maji yanashuka haraka mimi ningekagua kila mvua zikiisha. Anayekupa garantii ya maisha anakudanganya.

Kama kuna kisima cha maji karibu na ukuta sema kabla mfereji haujachimbwa. Hili nalisisitiza kwa watu wa Newala na Tandahimba wenye visima vya kuvuna maji ya mvua vilivyojengewa ubavuni mwa nyumba, upande huo dawa haimiminwi, unatafutiwa namna nyingine.

Fremu haiponi. Mbao iliyoliwa haijazwi kwa dawa ikarudi kuwa mbao. Ila usiing'oe leo, itoe baada ya udongo kutibiwa, maana ukiweka mpya sasa unawapelekea chakula kingine. Ukibadilisha weka ya chuma, au mninga lakini kiini chake, ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mninga inaliwa vizuri tu na mafundi wengi wanakuuzia humohumo. Na mbao za paina za kutoka Mafinga zinazouzwa zimetiwa dawa, rangi ya kijani kwa nje haithibitishi kitu, zikatwe kichwa mbele yako uone dawa imepenya mpaka wapi au imechovywa tu.

Kabati la nguo lisogeze lisiguse ukuta. Magunia ya korosho yasikae kwenye sakafu wala kuegemea ukuta, yawe juu ya chaga. Maji ya eisi (kiyoyozi) na ya tenki yanayodondoka kwenye msingi yahamishwe, kuni na mabanzi yasirundikwe ukutani, na udongo wa bustani usipande mpaka ukafunika msingi, acha sentimita 15 zionekane ili vijia uvione mapema. Kumbikumbi watakaotoka kwenye nyumba iliyopigwa dawa watoto wasiwaokote kula.

Kuna na wanaonisoma ambao hali yao sio hii, hawaoni udongo popote ila chini ya kitanda au meza wanakuta chembe ndogo ngumu kama mbegu za mchicha. Huyo ni mchwa wa mbao kavu, anaishi ndani ya mbao yenyewe wala hahitaji kugusa ardhi, na huku pwani wapo. Kwake mfereji wa nje ni hela imetupwa, inatibiwa mbao moja moja au inatolewa. Mafuta ya maganda ya korosho wazee walipaka kwenye mbao na yanasaidia kweli, ila yanaunguza ngozi vibaya na yanalinda ile mbao iliyopakwa tu, nyumba hapana.

Na nyie mnaojenga sasa hivi, viwanja vingi vya pembezoni mnavyouziwa vilikuwa mashamba ya mikorosho na miembe. Visiki vikifunikwa na kifusi mnakuwa mmejenga juu ya jiko la mchwa. Visiki na mizizi ing'olewe, vipande vya mbao za kumwagia zege visiachwe kwenye msingi, na dawa imwagwe juu ya kifusi kilichoshindiliwa kabla ya naironi na jamvi, lita 4 mpaka 5 kwa kila mita ya mraba, zege limwagwe kabla mvua haijakinyeshea. Hapo gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuja kutoboa vigae baadae.

Nimalizie na hatari kubwa zaidi, kwa sababu akikataliwa malkia huyo mtu anaweza kuja na "dawa kali". Dieldrini na aldrini za zamani zilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu zinakaa kwenye udongo na kwenye miili ya watu miaka na miaka, akikwambia anazo mtoe nje. Na vile vidonge vya gesi vya kuhifadhia nafaka ghalani, kuna watu wanavichomeka kwenye matundu ya mchwa ndani ya nyumba wanayolala. Vinatoa fosfini. Hiyo gesi haina dawa ya kuipinga ikishaingia mwilini, inapita kwenye nyufa na chini ya milango, inaua familia nzima usingizini na haitaifuta koloni iliyo chini ya ardhi. Ukikuta vimeshawekwa usimwagie maji, unyevu ndo unaozalisha gesi. Toeni watu wote nje muda huohuo, milango na madirisha yabaki wazi kama yanaweza kufunguliwa bila kukaa ndani, na mwenye kichefuchefu, kifua kubana au kizunguzungu apelekwe hospitali haraka na mtaje kabisa kwamba ni vidonge vya ghala.