Barua kwa mwanangu: maji ya saa nane usiku

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, kikohozi cha bibi kimepungua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa juu ya tuta shambani. Nimeona nikuandikie, maana nikianza kuongea nahutubia, unanijua.

Umesema mmerudi hapo chuoni Morogoro kutoka kwenye kongamano la vijana mkiwa hoi, miche mliyopanda nyuma ya bweni imeliwa na mbuzi, na rafiki yako amejitoa kwenye klabu akidai mambo ya tabianchi yanaamuliwa na wakubwa huko Baku, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Kisha ukauliza: "Baba, wewe bado una tumaini, au mnatutia moyo tu kwa kuwa sisi ni watoto wenu?"

Kuna siku sina.

Kiangazi cha 1993 mto Ruaha Mkuu ulikatika kule hifadhini, jambo ambalo wazee wetu hawakulizoea, na tangu hapo kukauka kumekuwa desturi. Viboko wakabanana kwenye vidimbwi vya matope. Miaka hiyohiyo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakapungukiwa maji, ukaja mgao wa umeme, na nchi nzima ikatugeukia sisi wa Usangu, tunaotumia maji ya mto huo kabla hayajafika huko. Wakulima wa mpunga tukasema ni wafugaji. Wafugaji wakasema ni wakulima. Mimi nililalamika kuliko wote hapa Mbarali, na usiku nilikuwa nazibua mfereji nje ya zamu yangu. Hilo sijawahi kukwambia.

Nyinyi mnadai haki yenu kwa mataifa makubwa, na mko sahihi. Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Pale Baku mwaka 2024 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na ahadi yao ya awali, ya bilioni 100 kufikia 2020, ilichelewa miaka 2. Mtu anayelipa hivyo hapa kijijini hakopeshwi hata chumvi.

Ila mwambie rafiki yako habari za wanafunzi 27 wa sheria wa kule visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2019 walianzia darasani, wakaishawishi serikali ya Vanuatu iombe mahakama ya dunia itoe maoni kuhusu wajibu wa nchi kwa tabianchi. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha ombi lao bila kupingwa, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa. Ni maoni tu, hayamfungi mtu, na bahari yao haijashuka. Lakini miaka 6! Sisi kesi ya mpaka wa shamba la babu yako imekwenda 11.

Aliyenigeuza mimi hata hivyo hakutoka mbali. Ni vijana wa hapa, wale uliosoma nao shule ya msingi. Walikuja kuniomba jaruba moja, kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta, wajaribu kilimo shadidi: mche wa siku kumi, laini kama unywele, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, na shamba linaachwa likauke mpaka lianze kupata nyufa ndogo ndipo maji yarudishwe. Nilikasirika. Mpunga bila maji? Nikawapa jaruba la pembeni, lile baya, ili washindwe upesi. Magugu yaliwatesa kweli, maana maji yaliyotuama ndiyo huyazuia; walipalilia mara tatu. Lakini kila mche ulitoa machipukizi mengi, na mavuno yakalingana na ya jaruba langu zuri, wakati zamu kadhaa za maji hawakuzitumia kabisa. Wakanieleza pia kwamba jaruba lililofurika muda wote hutoa gesi ya methani, inayopasha dunia joto. Nikaudhika tena. Miaka yote nalaumu viwanda vya Ulaya, kumbe na mimi nina kijiwanda changu cha matope.

Msimu huu nimeweka majaruba manne. Jirani yangu bado ananicheka, ila jana nilimwona amechuchumaa anahesabu machipukizi.

Kwa hiyo ndiyo, mara nyingine tunawatia moyo tu, mama yako hasa. Mimi kwenye yale makongamano yenu ya fulana na chupa za maji ya plastiki siwapigii makofi, nisikudanganye. Ila siku zile ambazo sina tumaini, zamu ya kusafisha mfereji huwa imefika vilevile, na nikikuta vijana wamenitangulia na majembe, naona aibu kurudi nyumbani.

Miche pandeni tena, mvua bado zipo. Safari hii zungushieni miba, na mwenye mbuzi mwendeeni kwa adabu, msianze na barua ya klabu.

Maji yanaingia kwangu saa nane usiku, acha nilale kidogo. Mama yako anauliza ndoo yake.

Baba yako