Naumia, na mume wangu adhani simtaki

*Maswali ya wasomaji wanawake, yakijibiwa na mkunga mstaafu wa Mombasa*

Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 52, nakaa Likoni, nina watoto wanne na mjukuu mmoja. Hedhi yangu ilikatika miaka miwili iliyopita. Tangu mwaka jana, nikikutana na mume wangu naumia kama niliyepakwa pilipili, na kesho yake mkojo waniunguza. Nimemeza dawa za UTI mara nne. Sasa namkwepa. Najifanya nimelala, au nakwenda kulala na mjukuu. Ameanza kuniuliza kama nina mtu. Wifi yangu akasema nimelegea, akanipa kipande cha shabu nijiweke ili nibane. Nilipojiweka mara ya pili nikaona damu. Niliulizia dawa za homoni nikaambiwa zaleta saratani. Dada, nimezeeka au nimerogwa?
*Mama wa Wanne, Likoni*

Marahaba, mdogo wangu. Hukurogwa. Na hiyo shabu, kaitupe kwanza ndipo urudi kusoma.

Shabu naijua vizuri. Kwa miaka 34 niliyofanya kazi wodini nimeiona imefungwa kwenye pindo la leso, vipande vyeupe vinavyong'aa, na mwenyewe akiona haya kunionyesha. Kinyozi hukupaka shabu kidevuni wembe ukikukata, damu ikakata papo hapo, kwa sababu inakaza na kukausha nyama. Sasa wewe nyama yako imeshakauka tayari, imekuwa nyembamba, halafu ukaiongezea kitu cha kuikausha. Ndiyo maana ukatoka damu. Ule ulikuwa ni mchubuko, na mchubuko ni mlango wa maradhi. Wifi yako nia yake ilikuwa njema, sina shaka, lakini hukulegea. Shida yako ni kinyume cha kulegea.

Nikueleze kinachotendeka mwilini. Ovari zetu hutengeneza homoni iitwayo estrojeni, na hiyo ndiyo inayofanya utando wa uke uwe mnene, wenye kuvutika na wenye majimaji. Hedhi ikikaribia kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo inashuka. Utando unakuwa mwembamba, damu inayofika pale inapungua, na yale majimaji yaliyokuwa yakija yenyewe yanachelewa au hayaji kabisa.

Liko na la pili, ambalo hata wahudumu wa afya hulisahau. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi. Chakula chao ni sukari iliyomo katika utando, na wakila hutoa uchachu unaozuia vijidudu vingine. Estrojeni ikipungua, chakula chao hupungua, uchachu hushuka, na vijidudu vya tumboni hupata njia hadi kwenye kibofu. Isitoshe, njia ya mkojo yenyewe inaitegemea homoni ile ile, kwa hiyo nayo hukauka ikaunguza hata pasipo kijidudu chochote. Ndiyo sababu mwaka 2014 wataalamu waliibadilishia hali hii jina, wakaunganisha uke na njia ya mkojo katika tatizo moja. Hizo mara nne ulizopewa dawa, mkojo wako uliwahi kuoteshwa maabara, ionekane kama kweli una vijidudu? Kama bado, omba uoteshwe.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 53, bado nazalisha wenzangu, na sikulijua langu. Nilikwenda kituo kimoja mara tano kwa ajili ya mkojo, kila mara nikarudi na bahasha ya vidonge. Hakuna aliyeniuliza hedhi yangu ilikoma lini. Nyumbani nilianza kukunja nguo hadi saa sita za usiku, shati moja nalikunja mara tatu, nikingoja marehemu mume wangu asinzie. Miaka miwili nilimkunjia nguo mtu yule. Siku daktari wa wanawake aliponichunguza akaniambia, "Mkunga, hapa hapana ugonjwa, pana ukame," nililia juu ya kile kitanda chenye vyuma vya kuwekea miguu, ambacho mimi nimewapandisha wanawake sijui wangapi.

Sasa dawa. Ziko hatua, na si lazima uzipande zote.

Wakati wa kukutana tumia kilainishi cha maji, kinauzwa maduka ya dawa. Kikikuunguza, jaribu cha aina nyingine kisicho na gliserini. Mafuta ya nazi safi, yasiyotiwa manukato, wanawake wengi wa pwani yanawafaa, ila hayaendi na kondomu ya mpira, yanaipasua. Mafuta ya mgando na losheni za kujipaka usitie ndani. Sabuni nayo ni ya nje tu, na udi ufukize nguo na chumba, si mwili wako ukiwa umechuchumaa juu ya chetezo.

Kama kilainishi hakitoshi, na kwa maelezo yako nadhani hakitatosha, muulize daktari kuhusu estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo mno. Kwa kawaida huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Usiikatie tamaa siku ya kumi. Wengine huona nafuu baada ya wiki chache, wengine hadi wiki 12. Mimi nilizunguka maduka matatu ya dawa kabla ya kuipata, kwa hiyo ukiambiwa haipo, nenda kwingine. Ujue pia kwamba joto la ghafla na majasho ya usiku kwa wengi hupungua na miaka, lakini ukame huu hauondoki wenyewe. Kungoja hakusaidii.

Kuhusu saratani, hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa kabla ya muda wake. Waliomeza vidonge vyenye homoni mbili walipata saratani ya matiti zaidi kidogo kuliko wenzao, kama wanawake 8 wa ziada katika kila 10,000 kwa mwaka. Habari ikaenea dunia nzima, ila yaliyoachwa njiani ni haya: vile vilikuwa vidonge vya kumeza, na wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Estrojeni ya kuweka ukeni ni kiasi kidogo, hufanya kazi pale pale, na kinachoingia katika damu ni kichache sana. Hata hivyo, kama umewahi kuugua saratani ya matiti usiianze kabla ya kusema na daktari wako wa saratani. Na ile damu uliyoiona, mwambie daktari. Mimi naamini ni shabu, lakini mimi sikukuchunguza, na asikupe homoni kabla hajakuchunguza.

Sasa mume wako. Umeniandikia kurasa tatu juu yake, nimezifupisha hapo juu, lakini nimezisoma zote. Yeye anaona mke anayehama chumba, na hakuna aliyemweleza kitu. Mwambie, na usimwambie kitandani. Chagua saa mmekaa, chai imeshanywewa, mjukuu amelala. Maneno si mengi: "Mume wangu, nakutaka, lakini naumia. Mwili umebadilika kwa ajili ya umri na dawa ipo. Nipe wiki kadhaa." Kisha katika wiki hizo usihame chumba. Lala naye, mguse, akuguse, mkikubaliana kwamba hakuna kuingiliana kwanza. Mwili wa miaka 52 unahitaji muda mrefu zaidi kuamka kuliko ule wa miaka 25, na mara nyingi hamu huja baada ya kuguswa, si kabla. Wengi wetu tulifundishwa na masomo wetu, wale wanawake waliotufunda, jinsi ya kumpokea mume, hatukufundishwa kumwambia "polepole."

Kama baada ya maumivu kwisha hamu bado haijarudi, tazama vitu vingine: usingizi, huzuni, baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo. Naye pia, kama ana kisukari au presha, huenda ana lake analolificha. Nenda naye kliniki akikubali.

Nina miaka 48, hedhi yangu inaruka miezi mitatu, minne. Naweza kuacha kinga ya uzazi? *Msomaji, Malindi*

Bado. Ovari hazifungi siku moja, huweza kutoa yai mwezi usioutarajia. Nimewahi kumzalisha mama wa miaka 47 aliyekuja akidhani tumbo lake ni uvimbe. Aliye chini ya miaka 50 hungoja miaka miwili kamili bila hedhi, na aliyepita 50 mwaka mmoja. Kama unatumia sindano, hesabu hiyo haikufai, kwa kuwa sindano yenyewe husimamisha hedhi. Uliza kliniki.

Nina miaka 59, hedhi ilikoma nikiwa na 51. Wiki iliyopita nimeona damu. Mabinti zangu wasema hedhi imerudi, ujana huo. *Bibi wa Mtwapa*

Shikamoo, mama. Hedhi hairudi baada ya miaka minane. Damu ya namna hii, hata tone moja, hata isiyouma, ni ya kuchunguzwa. Wanawake 9 hivi kati ya 10 hukutwa na jambo ambalo si saratani, pengine ukame ule ule niliousema juu. Lakini yule wa 10 akiwahi, saratani ya mji wa mimba hutibika vizuri, na huwezi kujua wewe ni yupi ukiwa umekaa nyumbani. Omba mambo mawili: kupimwa mlango wa kizazi, na ultrasaundi ya kupima unene wa utando wa mji wa mimba. Utando huo ukionekana mnene watachukua kinyama kidogo kukipeleka maabara. Kunauma kidogo, hakuchukui muda. Nenda na karatasi yenye tarehe uliyoona damu na majina ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Nenda wiki hii, na binti mmoja akusindikize. Damu ikianza kujaza pedi ndani ya saa moja, msingoje kukuche.