Mume Wangu Anamwonea Wivu Pepo Niliyemtunga Mwenyewe

Shangazi, pokea salamu. Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili, tunaishi Umoja. Mchana naandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Outering. Usiku watoto wakilala, naandika hadithi kwenye simu. Ilianza kwa mzaha: pepo mmoja anayeitwa Kisirani ametumwa kutoka kuzimu aje Nairobi kuchukua roho ya Zawadi, mwuza chapati. Kufika, anakuta roho yenyewe imeshaingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Inabidi asubiri deni liishe, na katika kusubiri anampenda. Anamkandia unga, anambebea mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne siku za mgao, anamsikiliza. Kila Ijumaa natuma sura moja kwenye kikundi cha WhatsApp. Tulianza wanawake kumi na wawili, sasa tumepita mia tatu na nusu yao siwajui.

Wiki tatu zilizopita, saa saba usiku, nilikuwa jikoni nikicheka peke yangu. Mume wangu akasimama mlangoni: "Unacheka na nani?" Nikajibu bila kufikiri: "Na Kisirani." Kesho yake akaichukua simu akasoma sura zote 22. Tangu hapo hanisemeshi ila habari za karo na gesi. Neno moja tu alilotoa ni hili: "Huyo jini wako hana kazi?" Kisha akampigia mamake. Mama mkwe akaja kutoka Nyeri, akainyunyizia simu maji ya baraka, na sasa spika inasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Anasema nimeolewa na jini mahaba, niache kuandika kabla hajahamia kwa watoto. Wasomaji nao wanauliza sura ya Ijumaa iko wapi. Niache?

Ah, na kuna kitu sijasema. Ndani ya hadithi Zawadi ana mume wa zamani anayeitwa Bwana Soketi, kwa sababu alinunua soketi akaiweka juu ya friji miezi saba. Yetu iko juu ya friji tangu Januari.

Mwandishi wa Jikoni, Umoja

*

Mwandishi wa Jikoni,

Barua yako niliisoma ndani ya matatu, nikacheka mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa. Pale roho ya Zawadi ilipokutwa Fuliza nilishuka kituo kimoja mbele ya changu. Halafu nikafika kwenye "ah, na kuna kitu sijasema", nikanyamaza. Wanaoniandikia huwa hivyo hivyo, kidonda hukaa mstari wa mwisho, karibu na jina.

Tuanze na mama mkwe kwa sababu yeye ndiye rahisi.

Usimcheke. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani humu nchini, na aliyeiongoza alikuwa Nicodemus Kirima, Askofu Mkuu wa Nyeri. Wa Nyeri, mwanangu! Siku hizo hukuweza kusukwa nywele bila kusimuliwa habari za msichana mrembo aliyeomba lifti usiku, kumbe chini ya rinda ana kwato. Mama aliyelea wana miaka ile, akiona neno "kuzimu" kwenye simu ya mke wa mwanawe, hawezi kuuliza kama ni kichekesho. Atatafuta chupa ya maji.

Lakini kwa kuwa maji yenyewe ni ya baraka, nadhani ni Mkatoliki, na hapo una pa kushika. Mwandalie chai, kisha mwombe akusomee Kitabu cha Tobiti kutoka Biblia yake. Humo yumo binti anayeitwa Sara. Ameolewa mara saba, na mara zote saba bwana arusi anakufa usiku wa kwanza, anauawa na pepo Asmodeo. Katika baadhi ya tafsiri inaelezwa wazi kwamba pepo huyo anampenda binti. Anakuja mume wa nane, Tobia, ameshika moyo na ini la samaki. Anaviweka juu ya makaa ya ubani, moshi unamshinda pepo, anatoka mbio mpaka Misri ya juu. Wakati huohuo baba wa bibi arusi yuko nje gizani na watumishi wake wanamchimbia mkwe kaburi, ili akifa azikwe kabla majirani hawajaamka. Mjakazi anatumwa na taa kuchungulia, anawakuta maarusi wamelala fofofo. Baba mtu anaamuru kaburi lifukiwe upesi kabla hakujapambazuka. Mimi nikifika hapo hucheka kila mara, na sijawahi kuungama kwa padri yeyote.

Tena muulize kama nyanyake hakumsimulia habari za msichana aliyemfuata kijana mtanashati kutoka ngomani, kumbe ni irimu, yaani zimwi, ana mdomo wa pili kisogoni chini ya nywele. Alisimuliwa. Akakaa karibu na moto akaomba aongezewe. Basi ajue kwamba hukuanzisha wewe. Umehamisha tu mambo kutoka kwenye figa tatu ukayaleta kwenye simu, na mume wa ajabu ukampa mitungi ya maji badala ya mdomo wa pili.

Spika peleka kwa fundi. Usimdai mama mkwe hata shilingi.

Sasa baba watoto. Huyu haogopi pepo, na nadhani hata kumwita mamake alimwita kwa sababu hakujua mtu mwingine wa kumwambia. Hebu lirudie lile swali lake polepole: "Huyo jini wako hana kazi?" Kazi ya mumeo hukunitajia, lakini swali lile ni la mtu mwenye kazi, tena inayomrudisha nyumbani miguu imevimba. Na ana haki ya kuuliza. Kisirani halipi kodi. Halali, kwa hiyo hakoromi. Hana mama Nyeri. Hajawahi kusimama saa nzima kwenye foleni ya matatu mvua inanyesha, nauli imepanda maradufu mbele ya macho yake. Nani atashindwa kumsikiliza mwanamke mpaka saa nane za usiku ikiwa hana pa kuamkia saa kumi na moja? Hata mimi ningekuwa mume mzuri.

Marehemu mzee wangu aliwahi kununa siku nne kwa sababu ya daktari mmoja wa mchezo wa redio. Mimi nilikuwa nikizima jiko la mchuzi ili nimsikie vizuri yule daktari. Mzee akasema mchuzi wake hauna chumvi kwa sababu ya mtu asiye na miguu. Nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

Wazee wa Pwani wana mambo yao ya pepo ambayo nataka uyajue, kwa sababu naona umeyafanya bila kufundishwa. Mwanamke akipandwa na pepo hufanyiwa ngoma, huchomwa ubani, na fundi, yaani mganga wa pepo, humwuliza yule pepo kupitia kinywa cha mwanamke: "Unataka nini?" Pepo hujibu. Anataka kanga mpya. Anataka pete ya fedha, halua, marashi. Wengine hutaka mume apunguze makali. Na mume, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hana pesa ya kanga, hutoa mkono mfukoni akanunua, tena bila kuona haya, maana hakuombwa na mkewe, ameombwa na pepo. Mambo ya imani hayo kila mtu ana lake, mimi simo. Ila sikiliza ile njia ya kuomba. Mwanamke anayasema kwa kinywa cha mwingine yale yaliyomkwama kooni.

Wewe umepandwa kwa kalamu. Pepo wako ametaja yote. Abebewe maji. Asaidiwe kukanda unga. Asikilizwe. Hakutaja hata pete! Ni madai madogo mno ya pepo, nimesikitika kuyasoma. Lakini tazama ulipokosea ngoma yako: fundi hayupo, na mume hakuitwa. Umekaa ukataja shida zako mbele ya watu mia tatu, na mwenye kutakiwa kuzitimiza akaja kuzisoma peke yake, siku moja, sura 22 mfululizo.

Tena akajikuta yumo, kwa jina la Bwana Soketi.

Hapo nakugombeza, na usinijibu kwamba ni hadithi tu. Kisirani ni wa kubuni, sawa. Soketi si ya kubuni, iko juu ya friji na vumbi lake. Katika hao mia tatu nusu huwajui, maana yake huenda mmoja wao anaishi ghorofa ya pili kwenu, na kila akikutana na mumeo kwenye ngazi anauma midomo. Mwanamume atavumilia mkewe kumpenda jini. Kuchekwa na majirani hatavumilia. Wewe mwenyewe ungeingia saluni ukute wanasoma habari za Bi. Ugali Mbichi, ungefanyaje?

Kwa hiyo usiache kuandika. Mtu anayeweza kunikosesha kituo cha kushukia haachi. Ila Ijumaa hii usitume kitu. Waambie wasomaji kwamba mwandishi ana matengenezo nyumbani. Watanung'unika, watangoja, ndiyo starehe yenyewe ya hadithi za mfululizo.

Halafu tafuta usiku mmoja mumeo akiwa ameshiba na hana mechi ya kutazama. Anza na samahani ya soketi, ile tu, usiichanganye na mengine. Usimwambie "samahani kama uliumia." Aliumia. Kisha umsomee sura moja kwa sauti yako. Usimpe simu asome mwenyewe, alishasoma, na kusoma peke yake ndiko kulikomfanya aone ni siri. Chagua ile ya Fuliza. Kama una mume wa Nairobi niliyemzoea, atajizuia, atajizuia, kisha atatoa pumzi puani. Hiyo ndiyo kicheko chake kwa sasa, ipokee.

Akishatoa pumzi, mwulize swali la kazi: Kisirani ana kasoro gani? Maana hadithi yako, mwanangu, pamoja na utamu wake wote, ina ila moja kubwa, nayo ni kwamba pepo wako hana ila. Ametoka kuzimu lakini hana tabia hata moja mbaya! Majini wa hadithi zetu za zamani walikuwa na masharti. Walikuwa na hasira, wivu, usahaulifu. Katika Alfu Lela Ulela kuna jini anayemfungia mwanamke ndani ya sanduku lenye makufuli ili asiguswe, na kila jini akilala, mwanamke anatoka, anakusanya pete za wanaume wengine. Huyo ndiye jini wa kuchekesha, mwenye nguvu zote na bado anapigwa chenga. Wako anakanda unga vizuri mno. Afikie sura ya 23, ukandaji umemchosha, wasomaji nao watachoka sura ya 25.

Mumeo atakuwa na majibu, nakuhakikishia. Atakwambia pepo hajui bei ya gesi. Atakwambia huyo hawezi kupanda ghorofa ya nne na mitungi miwili bila kupumzika ghorofa ya tatu kwenye ule ukuta uliobomoka, kwa sababu kila anayebeba maji jengoni kwenu hupumzika hapo. Hukuyaandika hayo kwa sababu hujui. Anajua nani? Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wewe umekaa miaka tisa na lako. Mwache alilete hadithini.

Na Bwana Soketi usimuue. Nimeona waandishi wakiona haya hukimbilia kumgonga mhusika na lori. Mrudishe. Si lazima ampate Zawadi tena, wala sitaki umfanye malaika. Mpe tu jina la heshima, na jambo moja analolijua yeye kuhusu Zawadi ambalo pepo, na uchawi wake wote, hajaligundua. Ni jambo gani, mwulize mwenyewe. Kalamu shika, ukisikia jibu utataka kuliandika.

Labda atakataa kabisa, aseme uache na basi. Hapo niandikie tena, maana litakuwa jambo jingine, na sitalijibu kwa mzaha. Kwa barua hii sioni hivyo. Ninaona mtu aliyesimama mlangoni usiku wa manane, akamsikia mkewe akicheka kicheko ambacho pengine hajakisikia muda mrefu, akataka kujua kinatoka wapi.

Na hiyo soketi, siku utakayomwona ameshika bisibisi, usiseme neno. Zima umeme kwenye swichi kubwa, mshikie tochi, na usipige picha.