Mchango wa Noeli, Mbuzi wa Sherehe na Malaika Waliozidi

Kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yakishatoka na embe zikianza kuuzwa kwa ndoo kando ya barabara za Mwanza, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu hubadilika. Wasomaji huacha kuuliza habari za mitihani na kuanza kuuliza habari za sherehe ya kufunga shule, ambayo katika shule za msingi za makanisa ndiyo Noeli yenyewe, kwa kuwa ifikapo tarehe 25 Desemba wanafunzi wamekwisha kutawanyika. Safari hii nimechagua barua tano. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya shule nimeyaondoa yote.

Asiyeleta mchango hatapangwa kwenye igizo

*Shikamoo Mwalimu. Tumsifu Yesu Kristo. Ninaanika na kuuza dagaa hapa Igombe, na binti yangu yuko darasa la nne katika shule ya kanisa. Ada nimemaliza. Wiki iliyopita alirudi na karatasi inayosema kila mwanafunzi alete shilingi 20,000 za sherehe ya Noeli kabla ya Ijumaa, na kwamba asiyeleta hatapangwa kwenye igizo wala hatahesabiwa kwenye chakula. Karatasi hiyo imenikuta mwezi ni mpevu, wavuvi wamepumzika, na dagaa wa mwisho niliokuwa nao wamenyeshewa. Jirani yangu anasema Serikali ilikwisha kufuta michango, kwa hiyo niishtaki shule. Je, ni kweli? Sitaki kugombana na masista, maana mtoto ameipenda shule.*

*Mama wa Igombe*

Milele na milele, Amina. Marahaba, mwanangu. Jirani yako amesema kweli, ila ameielekeza kusiko. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za umma. Shule ya binti yako ni mali ya kanisa na inajiendesha kwa ada za wazazi, kwa hiyo waraka ule hauigusi. Mkanganyiko huu haunishangazi, kwa sababu upande wetu wa ziwa zipo shule zilizoanzishwa na wamisionari ambazo zilitaifishwa kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, lakini watu wakaendelea kuziita kwa majina ya misheni, hata ukisikia mtu anasoma "misheni" hujui shule ni ya nani mpaka uulize walimu wanalipwa na nani.

Hata hivyo, haki ya kuomba mchango haizai haki ya kumwondoa mtoto kwenye igizo. Mtoto wa darasa la nne hana mfuko wa kutoa fedha. Kumwadhibu yeye ni kumdai asiyekopa. Tazama kwanza maelekezo ya kujiunga uliyopewa siku ya kuandikisha mtoto. Ikiwa mchango wa sherehe umeandikwa humo, uliukubali, na kilichobaki ni kuomba muda. Ikiwa haumo, ilipasa ukubaliwe katika mkutano wa wazazi, na una haki ya kuuliza kwa adabu ulikubaliwa lini na kwa kiasi gani.

Usisubiri mkutano ujao ndipo usimame mbele ya watu mia mbili. Nenda asubuhi kabla ya vipindi, umwone mwalimu mkuu peke yake, na umweleze habari za mwezi. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mwalimu aliyekulia mbali na ziwa huenda hajui kwamba fedha ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inafuata giza: usiku ukiwa mweusi taa za mitumbwi huvuta dagaa, mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi na kambi nzima inalala, na mvua za vuli zikidondoka juu ya dagaa walioanikwa, hata kilichovuliwa hakiuziki kwa bei ya jana. Ombeni mpewe hadi giza litakaporudi. Ama utoe kwa njia nyingine: dagaa wakavu, mzigo wa kuni, siku nzima ya kupika. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mzazi mmoja asiye na fedha alituletea madumu kumi ya maji kwa baiskeli, safari tano kwenda na kurudi, siku ambayo bomba lilikuwa limekauka tangu alfajiri. Wali wa watoto mia tatu ulipikwa kwa maji yake, na katika daftari la michango niliandika kwamba amelipa.

Na ninyi walimu wakuu mnaosoma hapa, naomba mtazame hiyo 20,000 imetoka wapi. Mara nyingi mchele na maharage ni sehemu ndogo. Kinachoinua hesabu ni turubai, viti vya kukodi, spika kubwa na keki ya ghorofa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuulizwa na mtoto keki iko wapi. Walioniuliza ni wageni rasmi.

Nani achinje?

*Sisi ni kamati ya wazazi, Nyakato. Tumenunua mbuzi wawili wa sherehe. Wapo wanaosema shule ni ya kanisa, basi achinje Mkristo. Lakini tunao watoto wengi wa Kiislamu. Tufanyeje?*

Mwombeni mzazi Mwislamu achinje, na wote wale chungu kimoja. Mkishindwa kukubaliana, warudisheni mbuzi sokoni mnunue sato; hapa ni Mwanza, na samaki hana ubishi wa kisu. Msichofanya kabisa ni kuchinja kimya kimya na kumwacha mtoto ale bila kujua, kwa sababu siku mzazi wake akigundua, hamtakuwa na neno la kumwambia. Mwanzoni mwa mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ubishi wa machinjo ulifika hadi kumwaga damu ya watu. Sitaki kuusikia tena, hasa si katika jiko la shule ya msingi.

Mwanangu amepangwa kuwa mamajusi

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Ninaishi Kirumba. Mwanangu wa darasa la tano anasoma shule ya kanisa kwa sababu inafundisha vizuri na iko karibu. Mwaka huu amechaguliwa kuwa mmoja wa mamajusi, abebe uvumba. Mama yake amefurahi na ameanza kutafuta kitambaa cha kilemba. Baba yangu mzazi amekasirika na anasema mtoto anabatizwa kwa mlango wa nyuma. Mimi niko katikati.*

*Baba wa Kirumba*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umekaa mahali pagumu, kati ya mke aliyeshika kitambaa na mzee aliyeshika fimbo, na sitajifanya kwamba mmoja wao hana hoja.

Tuanze na lililo wazi. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya imani, na kuwa na mtoto katika shule ya kanisa hakumwondolei uhuru huo. Wewe ulijua ulipomwandikisha kwamba kengele ya sala italia, nayo shule ilijua inampokea mtoto wa Kiislamu, kwa hiyo kila upande ulikubali kuishi na mwenzake. Habari ya kuzaliwa kwa Isa mwana wa Mariamu si ngeni nyumbani kwako pia. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la mama yake, na mzee anaifahamu kuliko mimi.

Lakini baba yako ameona jambo ambalo wewe na mama mtoto mmelipita. Mamajusi wa Injili ya Mathayo hawakuja kutoa zawadi tu. Walianguka wakamsujudia mtoto. Mwalimu anayeongoza igizo hawezi kuiondoa sehemu hiyo bila kuharibu habari yenyewe, na kwa Mwislamu, kumsujudia asiye Mungu si suala la mchezo wa jukwaani hata kama magoti ni ya mtoto wa miaka kumi na moja. Hapo ndipo mzee anapoumia, na nadhani ana haki.

Kwa hiyo usimtoe mtoto kwenye igizo. Mwombee nafasi nyingine ndani yake. Igizo la Noeli lina msimulizi anayehitaji sauti nzuri na kusoma kwa ufasaha, lina askari wa Herode, lina mwenye nyumba ya wageni anayesema hakuna nafasi (huyu ndiye huchekesha watu kuliko wote), lina mpiga ngoma na mtu wa kubeba nyota. Zungumza na mwalimu wiki hii, mapema, kabla majina hayajabandikwa ukutani, na uombe kusoma maneno yote ya igizo pamoja na baba yako. Kitambaa cha kilemba hakitapotea. Askari wa Herode naye anaweza kuvaa kilemba.

Malaika themanini, na paroko hataki Noeli

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu kijana, Sengerema, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nimekabidhiwa igizo la darasa la tatu lenye wanafunzi 86. Karibu wote wanataka kuwa malaika, na sina fedha ya mavazi. Zaidi ya hayo, paroko ameniambia tusiimbe nyimbo za Noeli kwa kuwa tuko katika Majilio, ilhali shule inafunga wiki ya kwanza ya Desemba. Nifanye igizo la nini basi?*

Milele na milele, Amina. Paroko hakukuonea, mwanangu. Majilio huanza Dominika inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba na huendelea hadi mkesha wa Noeli, na ni majira ya kungoja. Rangi ya zambarau ipo altareni, na wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika. Tatizo ni kwamba kalenda ya shule na kalenda ya Kanisa hazikuwahi kukaa meza moja. Shule za madhehebu yasiyofuata kalenda ya liturujia hazilijui tatizo hili, nazo wakati huu zinaimba bila wasiwasi wowote.

Ushauri wangu ni kwamba ufanye igizo la safari. Malaika Gabrieli anamjia Maria; Maria anapanda milima kwenda kwa Elizabeti; Kaisari anatangaza sensa na kila mtu anarudi kwao kuandikishwa, jambo ambalo wazazi wenu waliokutana na makarani wa sensa mwaka 2022 watalielewa bila kuelezwa; Yosefu anabisha hodi na kukataliwa. Igizo liishie kwenye zizi, hori ikiwa na nyasi kavu na bado tupu. Nimeliona likifanywa hivyo mara moja, na ukumbi ulikaa kimya kuliko siku yoyote ya shangwe. Sehemu ya pili, yenye mtoto na wachungaji, ifanyike parokiani na wale wanaobaki kijijini, usiku wa tarehe 24, au tarehe 28 Desemba watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wanapokusanyika kwa sikukuu ya Watoto Mashahidi.

Malaika wako wengi wahifadhi kwa ajili ya sehemu hiyo ya pili, wala usiwapunguze. Injili ya Luka inataja malaika mmoja, kisha jeshi zima la mbinguni. Anayeweka malaika watatu ndiye anayekwenda kinyume cha maandiko. Kwa sasa, hao hao wawe wasafiri wa sensa, mafurushi kichwani, kuku kwapani. Mavazi usiyanunue. Shuka jeupe la kitandani linatosha, na mbawa za makaratasi unaweza kuziacha, kwa sababu Luka hazitaji. Vitenge na kanga za akina mama vitawavisha wengine wote.

Kuhusu wanyama, usichore ng'ombe kwenye boksi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipoandaa pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alileta ng'ombe na punda walio hai. Wewe uko Usukumani! Mwombe mzazi mmoja akuletee ndama mpole na mtu wa kumshika kamba, na umweke mbali na kwaya.

Watoto wa visiwani waliachwa waende wenyewe

*Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kutoka Ukerewe. Mwanangu wa darasa la sita yuko bweni Mwanza. Mwaka jana sherehe ilikwisha saa kumi na moja jioni, watoto wakaambiwa shule imefungwa. Yeye na wenzake wawili walipanda mtumbwi wa mizigo usiku, nami nilipata habari asubuhi walipofika. Sikulala tangu hapo. Nimwambie nini mwalimu mkuu?*

Marahaba, ndugu yangu. Mwambie tarehe mbili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiikaribia Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, huko huko kwenu. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Hivyo vilikuwa vyombo vyenye nahodha na ratiba. Mtumbwi wa mizigo wa mwezi wa Desemba, wenye magunia ya mchele wa sikukuu na dhoruba za vuli zinazoibuka bila kuaga, sitaki hata kuueleza.

Ombi lako liwe moja: sherehe ifanyike siku moja kabla ya kufunga, watoto wa visiwani walale bwenini usiku huo, na asubuhi wapelekwe na mwalimu hadi Bandari ya Kaskazini wapande meli ya Nansio, au wapitie njia ya Bunda wavuke kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Kwa vyovyote vile, kila mtoto avae boya, alifunge, asilikalie. Nauli ya mwalimu mgawane ninyi wazazi wa visiwani. Mkiwa sita haiwi kitu.

Usingoje jibu la shule ndipo ujiandae. Mwandikie matroni sasa hivi jina la atakayempokea mtoto gatini Nansio, namba ya simu ya mtu huyo na ya mtu wa pili iwapo wa kwanza hatapatikana, na umwambie mwanao asiondoke pale na mtu mwingine yeyote, hata akiwa jirani anayemfahamu.