Nilipoacha kumlazimisha mwanangu anitazame

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji (autism), yaani ubongo wake huwasiliana na kuhisi mambo kwa namna tofauti. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hanipendi: nikimwita hageuki, nikimkumbatia anajikakamua, nikienda kazini halii wala hanipungii mkono. Nami niliyelelewa katika nyumba ambamo mtoto hapiti mbele ya mama bila shikamoo, nililichukua hilo kuwa ni kukataliwa. Namwandikia mzazi aliyefika pale nilipokuwa mimi wakati ule.

Kilichotutenganisha kwanza hakikuwa usonji wenyewe, bali lawama. Mawifi waliniuliza nilikula nini nikiwa mjamzito, majirani wakanong'ona habari za majini, na mume wangu akanyamaza, kimya ambacho nilikisikia kama hukumu. Mzazi anayelaumiwa huanza kumwona mtoto wake kama shahidi aliyeletwa kumshtaki. Nilifarijika nilipojua kwamba hata wataalamu waliwahi kupotoka hivyo. Daktari wa akili wa watoto aitwaye Leo Kanner, alipouelezea usonji huko Marekani mwaka 1943, aligusia ubaridi wa wazazi, na kwa miaka mingi akina mama wakashutumiwa kuwa ndio waliowasababishia watoto hali hiyo kwa kukosa upendo, hadi Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alipoipinga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964. Baadaye utafiti wa mapacha ulionyesha kuwa urithi wa vinasaba una nafasi kubwa katika usonji. Malezi yako hayakuuleta usonji, na ni vizuri ndugu zako walisikie hilo kutoka kinywani mwako.

Jambo la pili ni hisi. Kila asubuhi tulipambana kwa ajili ya sare ya shule, naye akipiga kelele na kujing'ata mkono, mimi nikidhani ni ukaidi. Nakiri kwa uchungu kwamba nilimchapa. Siku moja niliona wekundu shingoni mwake, nikaikata lebo ya shati, na kesho yake akavaa kimya. Tangu hapo, anapolia ndani ya daladala, sianzi kwa kumkanya. Nasikiliza kwanza honi, spika na msongamano, kisha nashuka naye hata kama safari haijaisha, na siongei mpaka apumue vizuri, kwa sababu mtoto aliyeelemewa hupokea maneno kama kelele nyingine.

Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Nilipolisoma hilo nilitambua kuwa miaka yote nilimtaka yeye ajifunze lugha yangu, ilhali mimi sikujifunza yake hata kidogo. Yeye hupenda kupanga vizibo vya soda juu ya mkeka. Jioni moja nilikaa kando yake bila kumwita wala kumwelekeza, nikaweka kizibo kimoja mwishoni mwa mstari. Alikisogeza kidogo kikanyooka, kisha akanisukumia kingine. Siku hizi anapochoka huja kuniegemea mgongo kwa mgongo, uso wake ukiangalia ukutani, na simgeuzi.

Uchovu nao huharibu mengi, hasa kwa mtoto asiyelala vizuri, kwani mzazi aliyekesha hukasirikia hata kijiko kikianguka. Usione haya kuomba msaada mahususi: mimi nilimwomba mama yangu amchukue kila Jumamosi asubuhi, nami nilale.

Kuhusu mume wangu, siku nilipomuuliza bila kumlaumu, alisema alinyamaza kwa hofu, kwa kuwa hakujua amshike vipi mtoto wake. Nilimwachia kazi ya kumwogesha. Sasa yeye ndiye anayejua kwamba maji yaanzie miguuni, polepole, na kwamba kichwani yasimwagwe kabla mtoto hajahesabu hadi kumi.