Goblini, misukule na ishirini ya dadu: maswali yenu ya mezani

Barua za safari hii zimejaa ugomvi, na karibu zote zinatoka kwenye meza za Dungeons & Dragons, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa. Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne au watano wanakutana, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na mmoja anakuwa msimamizi, DM kama wengi wanavyomwita, ambaye anaeleza ulimwengu na kuwaigiza viumbe wengine wote. Dadu ya pande 20 inaamua pale ambapo haijulikani kitatokea nini. Najibu kwa toleo la tano, la 2014, na kugusa marekebisho ya 2024 inapobidi. Kanuni zake za msingi zinapatikana bure, na tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia na kuzisambaza, kwa hiyo kisingizio cha "kitabu ni ghali" kimekwisha.

Mchezaji wangu alimwambia mfalme, "Nipe kiti chako cha enzi." Akarusha dadu, ikaangukia 20. Meza nzima ikalipuka kwa kelele. Je, ni lazima mfalme ampe? (DM mpya, Dodoma)

Hapana. Katika toleo hili 20 inashinda moja kwa moja kwenye shambulio, na kwenye dadu ya kuponea kifo, ambapo inamrudishia mhusika pointi moja ya uhai. Kwenye kushawishi, kuruka ukuta au kufungua kufuli, 20 ni namba tu: unajumlisha ujuzi wako, unaangalia kama umefikia kiwango kilichowekwa. Mwaka 2022 wachapishaji, Wizards of the Coast, waliijaribu kanuni ya kuifanya 20 ishinde kila mahali, kwenye rasimu walizowapa wachezaji wazijaribu, kisha wakaiacha. Piga hesabu mwenyewe. Nafasi moja kati ya 20 ni asilimia 5, na mfalme anayepokea waombaji ishirini kwa siku asingemaliza wiki akiwa na ufalme.

Ila hapa mwenye deni ni wewe DM, kwa sababu uliruhusu dadu irushwe. Jambo lisilowezekana haliombewi dadu. Kwa kuwa imesharushwa, mpe kijana kitu: mfalme acheke hadi machozi yamtoke, ampende, ampe kazi badala ya kitanzi.

Shikamoo mzee. Mimi ni paladini, shujaa wa vita aliyekula kiapo kitakatifu. Tumeingia pangoni, tumewaua goblini (viumbe wadogo wanaofanana na watu) wote wenye silaha, na ndani kabisa tumekuta watoto wao tisa. Mwenzetu anasema goblini ni waovu kwa kuzaliwa, tuwamalize. DM anasema nikiwaua napoteza nguvu zangu, na nikiwaacha watakua na kuchoma kijiji, nako nitakuwa nimevunja kiapo. Nifanyeje? (Paladini aliyechoka, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Swali hili limewazeesha wengi. Gary Gygax, aliyeutunga mchezo pamoja na Dave Arneson mwaka 1974, alitoa mwaka 1979 The Keep on the Borderlands, kisa kilichoandikwa tayari kwa kuchezwa, chenye mapango yaliyojaa orki na goblini, na pango baada ya pango limeorodhesha wanawake na watoto wasiopigana. Wameandikwa pale kwa idadi yao, na kazi ya kuamua wafanywe nini imeachiwa meza.

Tuanze na kanuni, maana DM wako anatumia sheria ya zamani. Kwenye matoleo ya kwanza, paladini alilazimika kuwa mwema na mtii wa sheria, na tendo moja ovu alilolifanya kwa kujua lilimvua nguvu zake papo hapo. Toleo la 2014 halina kamba hiyo. Paladini anaongozwa na kiapo alichokichagua. Kiapo cha ibada kinakutaka uwalinde wanyonge na kuwahurumia maadui kwa busara. Kiapo cha kisasi kinakataza huruma kwa waovu, lakini hata hicho kinataka kwanza uwepo uovu uliotendwa, na mtoto wa goblini aliyejificha nyuma ya pipa ametenda nini?

"Waovu kwa kuzaliwa" nako kuna jibu. Mchezo ulianza na mielekeo mitatu ya kimaadili, ikaongezwa hadi tisa kufikia 1978, na kila kiumbe kikapewa wake. Kitabu cha viumbe cha 2014 kinasema wazi kwamba mwelekeo uliochapishwa ni wa kuanzia tu, na DM ana ruhusa ya kuubadili. Mwaka 2020 wachapishaji walitamka kwamba orki na elfi weusi, jamii nyingine mbili za viumbe wa mchezo huu, wataonyeshwa kama watu wenye tabia mbalimbali kama watu wengine wowote.

Sasa niseme jambo zito kidogo, kwa sababu wapo wanaoona huu ni mjadala wa watoto. Mwaka 2005, akiwajibu wachezaji waliouliza kuhusu paladini na mateka, Gygax aliutetea uuaji huo, akarejea usemi unaohusishwa na Kanali John Chivington, kwamba yai la chawa huja kuwa chawa. Chivington ndiye aliyeongoza wanajeshi wa Marekani kwenye mauaji ya Sand Creek, Colorado, Novemba 1864, ambapo Wacheyenne na Waarapaho waliouawa walikuwa wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hoja ya mwenzako pale pangoni, basi, haikutungwa kwa ajili ya goblini. Imeshatumika kwa watu, na sisi ambao babu zetu waliitwa washenzi kwenye ripoti za watawala hatuna haja ya kufasiriwa zaidi.

Kwa mchezo wenu nashauri hivi. Kabla ya kikao kijacho, mwambieni DM achague: goblini katika ulimwengu huu ni watu, au ni kitu kinachoota kutokana na uchawi mbaya, kisicho na utoto wala mama? Yote mawili yanachezeka. Mimi sina tatizo na jioni ya kupiga majini yasiyo na roho. Kinachoharibu ni kuwaleta watoto wanaolia kisha kudai wao ni wadudu. Na kama ni watu, DM aache kukuwekea mtego wenye milango miwili ambayo yote inaelekea shimoni. Aweke wa tatu: ukoo mwingine wa goblini ng'ambo ya mto, hekalu linalopokea yatima, bibi mmoja kijijini aliyepoteza wanawe na asiyeogopa kitu. Utalipa gharama ya kuwafikisha huko, siku tano za njaa na manung'uniko ya wenzako, na hapo ndipo upaladini utakapoonekana. Nguvu zako baki nazo. Akizidi kukusumbua, mwonyeshe maneno ya kiapo chako kitabuni.

Ndugu mwandishi, nimepata njia ya kumuua joka bila kuhatarisha maisha. Tunapanga wanakijiji 2,000 kwenye mstari. Kila mmoja anajiandaa kumpokeza mkuki jirani yake. Kwa kanuni yote yanatokea ndani ya raundi moja, sekunde 6. Mkuki unafika mwisho ukiwa na kasi ya risasi. DM anakataa. (Mhandisi, Nairobi)

Mhandisi, hesabu zako ziko sawa. Kila mtu anashika futi 5, mstari ni kama kilomita 3, kwa sekunde 6 mkuki unakwenda mita 500 kwa sekunde, umeipita sauti. Ujanja huu ni wa siku nyingi na kila kizazi cha wachezaji hujidhani ndicho kilichouvumbua.

Kasoro yake ni kwamba unakula pande mbili. Kuupitisha mkuki unatumia kanuni za mchezo, ambazo hazijui kasi. Kupiga joka unaziacha kanuni na kukimbilia fizikia. Chagua moja. Ukichagua kanuni, mwanakijiji wa mwisho anarusha mkuki wa kawaida wenye madhara ya dadu moja ya pande sita. Ukichagua fizikia, hakuna mkono wa mkulima utakaoudaka mkuki huo. Kitabu cha msimamizi cha 2024 kimeona kero imezidi, kikaandika waziwazi kwamba kanuni si sheria za fizikia, na kimetaja mstari wa watu wanaopokezana mkuki.

Lakini mimi kama DM ningekuruhusu uwapange. Joka la buluu aliyekomaa hutema radi yenye urefu wa futi 90 na upana wa futi 5, umbo lilelile la foleni yako. Pumzi moja inawakumba wanakijiji 18. Kila mmoja ana pointi 4 za uhai, na hata anayefaulu kuikwepa nusu hapungukiwi chini ya 6. Halafu ungerudi kijijini kuwaeleza ndugu zao kuhusu mita 500 kwa sekunde.

Mchawi wetu anafufua mifupa ya marehemu ili ilime mashamba. Wenyewe walikubali kabla ya kufa, kwa maandishi. Njaa imekwisha, hakuna aliyeumia. Kuhani wetu anasema ni uovu. Nani yuko sahihi? (Mkulima wa usiku, Morogoro)

Hili nimelipenda mno. Kanuni inaruhusu. Mifupa ikipewa amri huendelea nayo hadi kazi iishe, na kulima ni kazi. Kitabu cha 2014 kinasema kuwaamsha wafu si tendo jema na kwamba wachawi waovu pekee ndio hulifanya mara kwa mara, ila hakifafanui kwa nini, na mchawi wako ana haki ya kuuliza.

Jibu liko kwenye masharti ya sihiri yenyewe. Utii unadumu saa 24. Mchawi asipourudia uchawi wake kabla ya muda huo, mifupa inabaki imesimama, haina bwana, na kwenye kitabu cha viumbe mwelekeo wake ni uovu. Siku mchawi akilala na homa kali, kijiji kina viumbe wasiochoka, wenye majembe, wasiowapenda walio hai. Mkataba wa marehemu ulitaja hilo? Tena sihiri ya kufufua haiwezi kumrudisha aliye katika hali hiyo. Mjane akipata kesho almasi inayotakiwa na sihiri hiyo, atamkuta mumewe yuko zamu.

Halafu mnacheza Morogoro. Mezani penu hakuna anayesikia "mifupa inayolima" bila kuwaza msukule: jamaa aliyezikwa huku kaburini pana mgomba, naye yuko kwenye shamba la mtu usiku, anakula pumba. DM ambaye hautumii woga huo anatupa mali. Wanakijiji washibe, ndiyo, lakini wapite mbali na nyumba ya mchawi. Kijiji jirani kikatae kununua mahindi yao. Shangazi mmoja aje usiku na panga kumchukua ndugu yake akamzike upya, na mchezaji aamue kama atamzuia. Kuhani hajashinda hoja, wala mchawi. Msiimalize mapema.

Ninaigiza mwizi. Niliwaibia wenzangu kito wakiwa wamelala, wakakasirika. Si ndivyo mhusika wangu angefanya? (Mikono myepesi, Arusha)

Mhusika wako amebuniwa na nani? Ulipomwandika ulikuwa na uwezo wa kumpa marafiki anaowaheshimu. Rudisha kito.

Mchezaji mmoja anataka kutumia sihiri ya kupendeza kwa mhudumu wa baa ili alale naye. Anasema kanuni hazikatazi. Dada pekee aliyeko mezani alinyamaza usiku mzima. (DM mwenye wasiwasi, Kampala)

Kanuni zinamkatalia. Sihiri hiyo inamfanya mlengwa akuone kama mtu anayefahamiana naye kirafiki, kwa saa moja, basi. Haimfanyi mpenzi wala mtumwa, na muda ukiisha anajua kabisa kwamba umemroga. Lakini hata kanuni zingekubali, jibu langu lingekuwa lilelile, kwa sababu anachokieleza ni ubakaji, na dada aliyenyamaza amekwisha kuliita hivyo moyoni mwake.

Mwambie mchezaji huyo faraghani, leo. Kisha fanyeni kikao cha kwanza upya, kile cha kukubaliana kabla ya dadu: mambo gani hayaingii kabisa mezani, na yapi yakitokea tunafunga pazia na kusonga mbele. Wako pia wanaotumia kadi yenye herufi X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Inakaa katikati ya meza, yeyote akiigusa tukio linarukwa, na haulizwi sababu. Kwa meza ambayo mtu amenyamaza usiku mzima, kadi hiyo ni ya lazima. Na mpigie simu yule dada wewe mwenyewe, usisubiri kikao.

Mfalme wetu ameuawa. Kabla ya kufa alisema amechoka na anataka kupumzika. Nchi inamhitaji, kuhani wetu wa ngazi ya tisa ana almasi. Tumfufue tu? (Washauri wa kifalme, Toronto)

Kwa nguvu haiwezekani. Sihiri ya kufufua inataka almasi ya vipande 500 vya dhahabu, mwili usiozidi siku 10 tangu kifo, na roho iliyo huru na iliyo tayari kurudi. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinaongeza kwamba roho inamjua anayeiita kwa jina, mwelekeo wake na mungu wake, na inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu.

Msihangaike kuihoji maiti. Sihiri ya kuzungumza na wafu inatoa majibu matano, lakini inayojibu ni kumbukumbu iliyobaki mwilini, si roho. Itarudia tu kwamba amechoka, hata kama huko aliko amebadili nia. Kuhani wa ngazi hiyo ana njia nyingine: anaweza kumuuliza mungu wake maswali matatu ya ndiyo au hapana. La kwanza liwe kama mfalme yuko tayari. Jibu likiwa hapana, mnabaki na maswali mawili na almasi nzima, na ningetumia la pili kuuliza kama binti yake anafaa.