Kompyuta ya ghalani inaganda kila siku ya tatu: tuongeze memori?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Kompyuta yetu ni ya zamani, ina memori ya GB 4 na Windows 10 ya biti 32. Programu ya kuingiza kilo za korosho na kuchapa stakabadhi tunaiacha wazi usiku na mchana msimu mzima. Siku ya kwanza ni nyepesi, ya tatu inaganda, tukiwasha upya inapona. Mchana feni inavuma sana. Viongozi wanataka kununua memori zaidi. Tununue?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Msinunue. Windows ya biti 32 mliyonayo haivuki GB 4. Mkichomeka GB 8, zilizozidi zitakaa bure.

Halafu tazama ulivyoeleza mwenyewe. Kama memori ingekuwa ndogo tu kwa kazi, mngeona uzito tangu asubuhi ya kwanza. Uzito unaokua siku hadi siku na kupona mkiwasha upya ni dalili ya programu inayovuja memori. Kila mkulima anapopimwa, inachukua nafasi ya kuweka kilo na stakabadhi yake, kisha hairudishi. Ni mtu anayeazima magunia matupu kila asubuhi bila kurejesha hata moja: hata ghala liwe kubwa vipi, yataisha. Na programu ya biti 32 kwa kawaida hupewa GB 2 tu, hata kama kompyuta ina nafasi zaidi.

Hakikisha kwa namba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, ingia Details, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, uongeze Commit size (memori yote ambayo programu imetengewa) na GDI objects (vifaa vya kuchorea kwenye skrini na karatasi ambavyo programu imevishikilia). Safu ya Memory peke yake itakudanganya, kwa sababu memori ikibanwa Windows huhamishia sehemu kwenye diski, na namba hiyo hushuka wakati uvujaji unaendelea. Andika namba za safu hizo mbili daftarini saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, pamoja na idadi ya wakulima waliopimwa. Namba ikipanda mchana kisha ikatulia, ni kawaida. Ikipanda kila siku na usiku isishuke, ghala likiwa limefungwa na hakuna anayepima, basi umeipata. GDI objects kikomo chake cha kawaida ni 10,000 kwa programu moja. Kwa programu inayochapa karatasi kutwa, mimi huanzia hapo.

Ukifunga programu na kompyuta ikabaki nzito, shuku draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, hasa ya printa au ya mizani. Hapo chagua Restart, si Shut down, maana Windows 10 ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na tatizo la draiva linaweza kurudi nayo.

Feni ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huu. Kwenye Task Manager ileile ingia Performance, kisha CPU, yaani prosesa. Prosesa ikiwa na kazi nyingi huku Speed iko chini ya Base speed, joto linaibana ijipunguzie mwendo. Vumbi la magunia huziba feni upesi sana. Zima, chomoa umeme, shika pangaboi la feni lisizunguke, ndipo upulize. Kisha badilisha pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Niliwahi kuitwa kwenye duka moja Mikindani ambako mwenyewe alikuwa amenunua memori mara mbili. Feni ilikuwa imefunikwa vumbi kama sufi, na miguu ya memori imeota kutu ya chumvi ya bahari. Iliniuma, kwa sababu hela ile ilikuwa ya mtaji.

Kwa sasa, kila jioni mkulima wa mwisho akishaondoka, nakili kumbukumbu zote kwenye flashi, funga programu, uifungue asubuhi. Hiyo itawavusha msimu, lakini haiponyi. Aliyeiandika programu hiyo mpelekee daftari lako. Ukimwambia "inaganda" tu, atawashauri mnunue kompyuta mpya. Akiona namba inapanda kwa kila stakabadhi iliyochapwa, atajua aanzie wapi kutafuta. Akileta toleo jipya, lipime siku tatu vilevile kabla ya Oktoba, mizani ikiwa bado haina foleni.